Mkono Wangu Unatetemeka, au Kamera Imenishinda?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nami ningehitaji kuuliza, lakini yaliyonipata hivi karibuni yameninyima raha, na kila ninayemweleza hunijibu kwamba ninunue kamera nyingine.

Ukoo wetu ulikutana jioni moja nyumbani kwa bibi, watu ambao hatuonani mara kwa mara, nami nikapewa kazi ya kupiga picha kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa na kamera. Kamera yenyewe ni ya lenzi za kubadilisha, si mpya wala si ya daraja la juu, na ina ile lenzi ndogo inayokuja pamoja nayo, ya milimita 18 hadi 55. Nje, mchana, picha zake hunifurahisha sana. Sebuleni usiku ule, chini ya taa mbili, nilipiga picha zaidi ya 200, na nilipozifungua kwenye kompyuta nilikuta zisizo na ukungu hazizidi kumi.

Nimechagua tatu nikueleze, pamoja na namba ambazo kompyuta inanionyesha: muda ambao mwanga uliingia, upana wa tundu la lenzi (ile f, ambayo namba yake ikiwa ndogo tundu huwa pana), na ISO, yaani kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupata. Ya kwanza ni ya bibi ameketi kitini, ametulia kabisa, nami nimesimama mbali kidogo nikiwa nimeivuta lenzi hadi milimita 55: 1/8 ya sekunde, f/5.6, ISO 400. Picha nzima imevurugika, hata ukuta wa nyuma. Ukiikuza, ile nukta ya taa inayong'aa kwenye miwani ya bibi imekuwa kijistari kinachoteremka. Ya pili ni ya mtoto wa dada yangu anayejifunza kutembea, akimwendea mama yake: milimita 18, 1/20 ya sekunde, f/3.5, ISO 400. Saa ya ukutani inasomeka hadi mshale wa dakika, lakini uso na mikono ya mtoto ni kama moshi. Ya tatu niliipiga kwa lenzi ya milimita 50 niliyoazima, ya f/1.8, nikiwa karibu na shangazi yangu, kama mita moja: 1/80 ya sekunde, f/1.8, ISO 400. Hereni yake imetoka vizuri kiasi kwamba unaweza kuhesabu punje zake. Macho yake yamefifia.

ISO sikuigusa kwa sababu rafiki aliyenifundisha alinionya kwamba nikivuka 400 picha itajaa chenga na haitafaa kitu. Nyumbani wameshaanza kusema kwamba mkono wangu unatetemeka. Je, ni kweli? Ninunue stendi ya miguu mitatu, au kamera nyingine? Na kama yote mawili si lazima, niweke namba zipi ili tutakapokutana tena mwezi ujao nisiaibike? Bibi bado anauliza picha zake zitasafishwa lini.

Wako,
Mwenye Mkono wa Lawama

JIBU

Ndugu Mwenye Mkono wa Lawama,

Umenirahisishia kazi kwa kunakili namba za kila picha, jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi. Huniletea neno moja tu, "ukungu", mithili ya mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza. Picha zako tatu zina ukungu wa aina tatu, kila mmoja una chanzo chake, na dawa ya mmoja haiuponyi mwingine. Kwa hiyo ningekutajia namba moja ya kuweka kabla ya kuzitazama, ningekuwa nimekubahatishia.

Nianze na kamera, ili tuiondolee tuhuma. Nimezipigia hesabu namba zako zote tatu, na zinakubaliana: 1/8 kwa f/5.6, 1/20 kwa f/3.5 na 1/80 kwa f/1.8, ISO ikiwa ileile, ni kiasi kilekile cha mwanga kilichoandikwa kwa njia tatu. Maana yake ni kwamba kamera yako iliupima mwanga wa sebule ile sawasawa kila mara. Ilichokosa ni nafasi ya kutenda, kwa sababu uliifungia ISO kwenye 400, lenzi nayo ikafika mwisho wa kufunguka, na kilichobaki kwake kikawa ni kuiacha shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, wazi kwa muda mrefu zaidi. Kamera isiyopewa njia nyingine hulipa deni la mwanga kwa muda, na muda ndio unaozaa ukungu.

Macho yetu hutudanganya katika jambo hili. Tunaingia sebuleni usiku, mboni zinapanuka, ubongo unasawazisha mambo, na baada ya muda mfupi tunaona kwamba chumba kina mwanga wa kutosha. Kwa mujibu wa namba zako, mwanga uliokuwa ukimwangukia bibi ulikuwa pungufu ya ule wa jua kali la mchana kwa zaidi ya mara 500. Wapigapicha huhesabu tofauti hiyo kwa hatua, kila hatua ikiwa ni kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu, na kutoka juani hadi sebuleni kwenu ni hatua tisa hivi. Hatua hizo tisa ni lazima zitoke mahali: kwenye tundu la lenzi, kwenye kasi ya shata, kwenye ISO, au kwenye taa yenyewe. Hakuna mahali pa tano, na mpigapicha asiyechagua pa kuzitolea huchaguliwa na kamera.

Sasa turudi kwa bibi na miwani yake. Kile kijistari ulichokiona ndicho shahidi wangu mkuu. Nukta yoyote ya mwanga iliyomo ndani ya picha, iwe balbu ya mbali, kifungo cha chuma au mng'ao kwenye kioo cha miwani, huchora njia ambayo kamera ilipita wakati shata ikiwa wazi. Kila kitu kikiwa kimevurugika kuelekea upande mmoja, ukuta pamoja na mtu, basi kilichosogea ni kamera. Na kwa kuwa kijistari chako kinateremka, naweza hata kukisia kilichotokea: ulikibonyeza kitufe cha kupigia kwa nguvu, na kidole kikaisukuma kamera chini. Kanuni ya zamani, ambayo bado inafaa, husema kwamba ukiishika kamera mkononi, kasi ya shata isiwe pole kuliko moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Kamera za daraja la yako kwa kawaida huwa na sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, na kwa hiyo urefu huo huzidishwa kwa 1.5 au 1.6. Milimita 55 inakuwa kama 80 na kitu, na kasi inayotakiwa ni 1/80 ya sekunde au zaidi. Wewe ulipiga kwa 1/8, pole mara kumi. Kwa muda huo hakuna mkono wa kulaumiwa. Hata mkono wa fundi wa saa ungeacha kijistari.

Ushahidi wa kwamba mkono wako ni mzima umo kwenye picha ya pili, ile ya mtoto. Urefu wa milimita 18 kwenye kamera yako ni sawa na 27 au 29, kwa hiyo kanuni ingetaka 1/30 ya sekunde hivi. Ulipiga kwa 1/20, chini kidogo ya kanuni, na mshale wa dakika wa saa ya ukutani unasomeka. Wakuonyeshe mkono unaotetemeka unaoweza kufanya hivyo. Aliyesogea safari hii ni mtoto, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Stendi ya miguu mitatu ingeifanya saa ya ukutani ionekane vizuri zaidi na isingemsaidia mtoto hata kidogo. Vivyo hivyo kile kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi nyingi, ambacho Canon hukiita IS, Nikon VR na Sony OSS: kinatuliza kamera, hakimtulizi mtu. Tazama ubavuni mwa lenzi yako, au ndani ya menyu ya kamera, uone kama unacho na kama kimewashwa, maana kingeweza kumwokoa bibi kwa sehemu. Kwa mtoto anayetembea, dawa ni kasi ya shata peke yake.

Kasi gani? Kwa miaka ambayo nimepiga picha za watu ndani ya nyumba nimezoea kuanzia 1/125 kwa watu wazima walioketi wakizungumza, kwa sababu hata mtu anayeonekana ametulia huzungusha kichwa, hucheka na hunyanyua mkono. Mtu anayejua kwamba anapigwa picha na amekaa kimya unaweza kumpiga kwa 1/60. Mtoto anayejifunza kutembea anahitaji 1/250, kwani ingawa haendi mbali, viungo vyake vyote husogea kwa mpigo. Na wanaocheza ngoma au kurukaruka wanahitaji 1/500 kama mwanga unaruhusu, jambo ambalo ndani ya nyumba ni nadra. Kuna hila ndogo inayostahili kujulikana na asiye na lenzi ya kufunguka sana: kila mwendo una vituo vyake. Mtoto anayetembea husita kidogo kabla ya kunyanyua mguu unaofuata, anayecheka huishia kwenye tabasamu lililotulia, na anayepiga makofi hutulia kwa kitambo kidogo viganja vinapokutana. Anayevizia vituo hivyo hupata kwa 1/60 kile ambacho mwenzake anakitafuta kwa 1/250.

Picha ya shangazi ni kesi nyingine kabisa, na nakiri kwamba ndiyo iliyonichekesha, kwa sababu mimi mwenyewe, wiki ya kwanza nilipopata lenzi ya f/1.8, nilirudi nyumbani na mkusanyiko mzuri wa ncha za pua zilizoonekana barabara na macho yaliyofifia. Kasi yako ilitosha: 1/80 kwa lenzi ya milimita 50 ndiyo kanuni yenyewe, na kama ingekuwa haikutosha, hereni isingehesabika punje. Kinapokuwepo kitu kimoja kilichotoka vizuri ndani ya picha, na kitu hicho si ulichokikusudia, kosa ni la fokasi, yaani mahali ambapo lenzi ililengwa. Tundu la lenzi linapofunguliwa sana, kina cha eneo linaloonekana wazi hupungua mno. Kwa lenzi ile, ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, kina hicho ni kama sentimita tatu tu, mbele na nyuma vikiwa vimejumlishwa. Pima kwa kidole umbali kati ya sikio na jicho la mtu, utaona kwamba hereni na jicho haviwezi kukaa pamoja ndani ya sentimita tatu. Kamera, iliyoachiwa ichague yenyewe mahali pa kulenga, iliona kitu chenye kung'aa na kingo kali, yaani hereni, ikakipenda. Fokasi ya kujiendesha hutafuta tofauti kati ya giza na mwanga, na katika chumba chenye mwanga hafifu shavu la mtu halina tofauti nyingi.

Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuinyang'anya kamera uchaguzi: weka fokasi ya nukta moja, sogeza nukta hiyo hadi iwe juu ya jicho lililo karibu nawe zaidi, kisha piga bila kuigeuza kamera. Kama kamera yako ina uwezo wa kutambua jicho, uwashe, kwani kwa kazi hii unafanya vizuri kuliko wengi wetu. Nakuonya dhidi ya mazoea ya kulenga kwa nukta ya katikati kisha kuihamisha fremu, maana kwa f/1.8 mzunguko mdogo wa mkono au kuyumba kwa mwili wako mbele na nyuma hutosha kuzila zile sentimita tatu. Sehemu ya pili ni kurudi nyuma au kufunga tundu kidogo. Ukirudi hadi mita mbili kwa f/2.8, kina kinafika sentimita 18 hivi, ambazo zinatosha uso mzima pamoja na hereni. Kwa watu wawili au watatu walioketi bega kwa bega ningetumia f/2.8 au f/4, na ningehakikisha nyuso zao ziko kwenye mstari mmoja mbele yangu.

Utaniuliza: tukifunga tundu na kuharakisha shata, mwanga utatoka wapi? Utatoka kwenye ISO, na hapa inanibidi nimpinge rafiki yako, ingawa simlaumu, kwa kuwa ushauri wake ulikuwa wa kweli kwa kamera za dijitali za mwanzoni. ISO haiongezi mwanga wowote unaoingia. Inakuza ishara ndogo iliyopatikana, pamoja na kasoro zake. Chenga unazoziona zinatokana zaidi na uchache wa mwanga wenyewe, jambo ambalo linaonekana wazi ukipiga kwa ISO 400 picha yenye giza kisha ukaiangaza kwenye kompyuta. Chenga zitajitokeza palepale, na kwenye kamera nyingi za zamani zitakuwa mbaya kuliko kama ungeipandisha ISO tangu mwanzo. Kuiogopa ISO, kwa hiyo, hakukuepushi na chenga. Kunaiahirisha hukumu tu, na pengine kuiongeza.

Kisha ulinganishe madhara. Chenga ni sawa na mchanga uliotapakaa juu ya picha ambayo chini yake uso upo, macho yapo, na tabasamu lipo. Programu za kuhariri hupunguza chenga kwa ustadi mkubwa siku hizi, hasa kama umehifadhi picha kwa RAW, yaani data ghafi ya kamera, badala ya JPEG iliyokwisha kubanwa, na ukiichapisha picha kwa ukubwa wa kadi ya posta chenga za ISO 3200 huwezi kuziona bila kuzitafuta. Uso ulioburuzika, kwa upande mwingine, haurudi. Hakuna programu inayojua jicho la mtoto wa dada yako lilikuwa wapi hasa wakati ule. Itabuni jicho, na litakuwa jicho la mtu mwingine. Nikipewa kuchagua kati ya bibi mwenye chenga na bibi mwenye ukungu, sifikirii mara mbili.

Haya, tuirudie jioni ile kwa namba nyingine, mwanga ukiwa uleule. Bibi kitini, kwa lenzi ya milimita 50: f/2.8, 1/125 ya sekunde, ISO 1600. Namba hizi zingekupa picha ambayo ungeichapisha kubwa na kuitundika. Kwa lenzi yako ndogo iliyovutwa hadi 55, ambapo haifunguki zaidi ya f/5.6, 1/125 ingehitaji ISO 6400, nayo ni ya kuvumilia. Lakini ungeirudisha hadi 18 na kumsogelea bibi, ungepata f/3.5 na ungehitaji ISO 2500 tu. Wenye lenzi hizi husahau kwamba kuvuta kunafunga tundu, na kwamba miguu yao ni lenzi ya bure. Usimsogelee mno tu, kwani milimita 18 kwa karibu sana hurefusha pua. Mtoto, kwa milimita 18 na f/3.5: 1/250 ya sekunde, ISO 5000. Kwa lenzi ya kuazima iliyofunguliwa hadi f/1.8 ingetosha ISO 1250, ila upige ukiwa mita tatu au zaidi kutoka alipo ili zile sentimita zisikusaliti tena.

Huna haja ya kukariri namba hizi, wala ya kuzibadilisha kila mtu anapohama kiti. Kamera nyingi zina ISO ya kujiendesha ambayo unaiwekea kikomo cha juu, weka 6400. Ukitumia lenzi yako ndogo, geuza gurudumu hadi S, ambayo kwenye Canon huandikwa Tv, chagua 1/125 au 1/250, na kamera italifungua tundu hadi mwisho kabla ya kuanza kuipandisha ISO, ambao ndio mpangilio unaoutaka. Ukitumia lenzi ya f/1.8 usifanye hivyo, kwa sababu kamera itakukimbizia kwenye f/1.8 kila mara na tutarudi kwenye hereni. Tumia M, ujiwekee mwenyewe f/2.8 na 1/125, na ISO uiachie ipande na kushuka. Wengi huiogopa herufi M kama mtihani wa hesabu, lakini ISO ikiwa inajiendesha, M ni njia ya kusema mambo mawili unayoyataka na kuacha la tatu lijipange.

Mtego mmoja umebaki katika njia hii, nao ni kipimo cha mwanga. Kamera hudhani kila inachokiona kina wastani wa kijivu. Ukimpiga mtu mwenye nguo nyeupe tupu, au taa ikiwa imo ndani ya fremu nyuma ya kichwa chake, itadhani mwanga umezidi, na uso utatoka na giza. Tumia kitufe chenye alama ya kuongeza na kutoa, upandishe hatua moja, na utazame tena. Wala usiuamini mwangaza wa kioo cha nyuma ya kamera. Katika chumba chenye giza kioo hicho hung'aa kama taa, na picha yenye giza huonekana nzuri hadi uifungue nyumbani. Tazama histogramu, ile grafu inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga ndani ya picha, na kila baada ya picha chache uikuze moja hadi mwisho uangalie jicho. Ungefanya hivyo baada ya picha ya tano jioni ile, zile 195 zilizofuata zingekuwa na bahati nyingine.

Kuhusu taa, ambapo ndipo mahali pa nne nilipopataja, nashangaa ni wangapi hupapuuza. Mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali: mtu aliye mita mbili kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita moja. Kumwomba bibi asogeze kiti kutoka mita mbili hadi mita moja kutoka kwenye taa ya mezani ni sawa na kuongeza hatua mbili, na kama taa hiyo ndiyo inayommulika zaidi, ISO 6400 inashuka hadi 1600 bila kugusa kitufe. Mgeuze pia kidogo ili taa iwe upande wa uso wake badala ya kuwa juu ya utosi, na vivuli vya macho vitapungua. Kama mtakutana kabla jua halijazama, dirisha linashinda taa zote za nyumba. Mketishe ubavuni mwake, usimweke mbele yake.

Flashi ndogo iliyo juu ya kamera sikupendekezei, kwani huubamiza uso kwa mwanga bapa na kuacha chumba kizima kizani. Ukipata ya kupachika inayogeuka, uielekeze kwenye dari nyeupe. Mwanga utamshukia mtu kwa upole, na kwa kuwa mwako wake ni mfupi sana, utamgandisha hata mtoto. Kwa stendi, nunua tu kama unapenda kupiga vyumba vitupu au vitu visivyopumua.

Ukiona milia ya mwanga na giza ikikata picha kwa mlalo, usidhani lenzi imeharibika. Baadhi ya taa za umeme, hasa za mirija na za LED zisizo bora, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde ambako umeme ni wa hezi 50, na mara 120 ambako ni wa hezi 60, na shata yenye kasi kubwa huikamata taa ikiwa nusu ya safari. Zima shata ya kimya ya kielektroniki, ambayo huathirika zaidi, kisha ushuke hadi 1/100 au 1/125 kulingana na umeme wenu.

Kabla ya siku yenyewe, fanya jaribio moja. Mwombe bibi avae miwani, mketishe palepale, weka 1/125, bana viwiko kwenye mbavu, egemea ukuta au mlango, toa pumzi taratibu, na ukibonyeze kitufe kama unayekamua tone la mwisho, bila kukigonga. Piga tatu mfululizo bila kuinua kidole, kwa sababu ya kwanza hubeba mshtuko wa kubonyeza, na ya pili au ya tatu huwa imetulia. Kisha zikuze zote na uitafute ile nukta kwenye kioo cha miwani. Ikiwa bado ni kijistari, ongeza kasi hadi 1/200. Ikiwa ni nukta ya duara lakini kope hazionekani, isogeze fokasi. Ikiwa nukta ni nukta na kope zinahesabika, usiguse kitu tena. Mwambie bibi picha yake itasafishwa wiki hii.

Mshauri wako